Gesi ya AC ya gari haiishi, huvuja: Makubaliano ya Kigali yanavyozigusa gereji za Dar es Salaam

Joto la kaskazi linapoingia Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, gereji za pembezoni mwa jiji hupata kazi moja inayofanana. Kuanzia Tandika na Mbagala katika wilaya ya Temeke hadi Mwananyamala, Tegeta na Bunju katika wilaya ya Kinondoni, madereva hufika na lalamiko lilelile: AC haipozi. Jibu la fundi nalo limezoeleka: "Gesi imeisha, bosi. Tujaze." Baada ya dakika chache hewa ya baridi inatoka, pesa inalipwa, dereva anaondoka ameridhika. Msimu unaofuata, na mara nyingine mwezi unaofuata, anarudi na lalamiko lilelile.

Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa kati ya fundi na mteja wake tu. Sasa limeingia kwenye hesabu za dunia. Tangu mwaka 2024, Tanzania na nchi nyingine nyingi zinazoendelea zina kikomo cha kiasi cha gesi za aina hii wanachoweza kutumia kwa mwaka, na kuanzia mwaka 2029 kiasi hicho kitaanza kupunguzwa hatua kwa hatua.

Makala haya yanaeleza gesi hiyo ni nini, kwa nini inapotea, mabadiliko haya yatamgusa nani, na kazi zipi za AC mwenye gari anaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani bila kujiumiza wala kuharibu gari.

Mimi niko kijijini, hili linanihusu nini?

Linakuhusu kwa njia tatu. Kwanza, magari mengi yanayobeba abiria na mizigo vijijini, yakiwemo Noah na Probox, yalipita kwanza mikononi mwa wenye magari wa mjini. Gari likichoka Dar es Salaam huuzwa mkoani, na hufika na ugonjwa wake wa AC ambao haukuwahi kutibiwa.

Pili, gesi inayotumika sana kwenye AC za magari, ambayo mafundi huiita R-134a au "134" tu, imetumika pia kwenye friji nyingi, zikiwemo za kuuzia soda madukani. Ikiadimika au bei yake ikipanda, mwenye duka naye atajua.

Tatu, vijana wengi wanaotoka mikoani kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha huanzia kwenye gereji, mara nyingi zile zinazoitwa gereji bubu, chini ya mwembe au pembeni ya barabara. Hao ndio wanaoshika gesi hii kila siku kwa mikono mitupu.

Gesi inakwenda wapi?

Hapa ndipo penye kosa linalogharimu watu fedha nyingi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Petroli huchomwa ndani ya injini ikatoka kama moshi. Gesi ya AC huzunguka tu. Kompresa huisukuma ikiwa na presha na joto kubwa hadi kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake nyuma ya grili. Hapo gesi hupoa na kuwa kimiminika. Kisha hupita kwenye tundu dogo la valvu, hutanuka ghafla na kuwa ya baridi sana, na kuingia kwenye kifaa kilichofichwa ndani ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu ya kifaa hicho, hewa hiyo hupoa, nawe unaisikia usoni. Gesi hurudi kwenye kompresa na mzunguko huanza upya.

Mfumo mzima umefungwa. Gesi iliyowekwa kiwandani Japani ndiyo inayotakiwa kuendelea kuzunguka mwaka baada ya mwaka. Ni kweli kwamba kiasi kidogo hupenya polepole kwenye mipira na oringi, hivyo gari la miaka mingi linaweza kupungukiwa bila kuwa na tundu la kuonekana. Lakini gari linalohitaji gesi kila msimu linavuja. Huenda kondensa imetobolewa na kokoto, oringi imekauka, mpira umechanika au sili ya kompresa imechoka.

Kwa hiyo fundi akikwambia gesi imeisha, swali la kwanza ni moja: imetokea wapi? Asiyejibu swali hilo anakuuzia ubaridi wa muda.

Kutoka Montreal hadi Kigali

Ili kuelewa kikomo cha sasa, turudi nyuma kidogo. Magari ya zamani yalitumia gesi iliyoitwa R-12. Wanasayansi waligundua kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu sana angani na kuharibu tabaka la ozoni, ngao inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana huko Montreal, Kanada, kuziondoa sokoni. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 1993. Kwa nchi zinazoendelea, R-12 na jamaa zake zilifikia ukomo mwaka 2010.

Badala ya R-12, viwanda vya magari vilihamia R-134a mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gesi hii haiharibu ozoni. Ina tatizo jingine: hushika joto la dunia kwa nguvu kubwa mno. Kwa hesabu iliyotumika katika makubaliano ya kimataifa, kilo moja ya R-134a ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa, kwa kipimo cha miaka 100.

Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, na kuiongezea Itifaki ya Montreal marekebisho ya kupunguza gesi za kundi hili. Wanasayansi wanakadiria kwamba marekebisho hayo yakitekelezwa kikamilifu, yataepusha kati ya nyuzi 0.3 na 0.5 za ongezeko la joto la dunia ifikapo mwisho wa karne hii. Tanzania imeyaridhia.

Ratiba ya kundi la nchi ambamo Tanzania imo, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ni hii:

- 2024: matumizi yanasimama kwenye kikomo. Kikomo hicho kimekokotolewa kutokana na wastani wa matumizi ya miaka 2020 hadi 2022, kikaongezewa sehemu ya kiwango cha gesi za kizazi kilichotangulia.
- 2029: kupunguza kwa asilimia 10.
- 2035: kupunguza kwa asilimia 30.
- 2040: kupunguza kwa asilimia 50.
- 2045: kupunguza kwa asilimia 80.

Nchi za Ghuba, India na Pakistan ziko kwenye kundi la pili, ambalo kikomo chake kinaanza mwaka 2028. China, inayozalisha sehemu kubwa zaidi ya gesi hizi duniani, iko kundi moja na Tanzania, na imeanza kugawa viwango vya uzalishaji kwa viwanda vyake tangu 2024.

Nusu kilo tu, ina uzito gani?

Gari dogo lenye AC ya mbele pekee hubeba takriban gramu 400 hadi 600 za gesi. Lenye AC ya nyuma pia hubeba zaidi. Tuchukue nusu kilo. Ikivuja yote, ukizidisha kwa 1,430, ni sawa na kilo 715 za hewa ya ukaa.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Maana yake nusu kilo ya gesi iliyoachiwa hewani ni sawa na kuchoma lita 310 za petroli. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, hiyo ni zaidi ya safari tatu za Dar es Salaam hadi Mwanza. Hiyo ni gari moja, kujaza mara moja.

Na uvujaji ni sehemu moja tu. Fundi anapotaka kufungua mfumo ili abadilishe kompresa au mpira, njia ya haraka ni kubonyeza valvu na kuiacha gesi yote iende hewani. Njia sahihi ni kuivuta kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi, kisha kuirudisha kazi ikiisha. Mashine hiyo ni ghali, na gereji nyingi za mitaani hazina.

Mteja analipia nini?

Ni rahisi kumlaumu fundi, lakini tuangalie biashara yenyewe. Mteja wa Mbagala anayeendesha teksi ya mtandaoni anapoteza abiria kila saa gari linapokaa gereji. Anataka ubaridi leo. Fundi akimwambia kwamba kutafuta tundu kutachukua nusu siku, na kwamba atalipia kazi hiyo hata kabla ya gesi kuwekwa, mteja atahamia gereji ya jirani anakojaziwa kwa dakika 15.

Kwa hiyo soko linamlipa anayejaza, halimlipi anayetibu. Fundi mwaminifu anaonekana ghali, na fundi wa haraka anaonekana nafuu. Ukijumlisha mwaka mzima hesabu inageuka: anayejaza mara tatu kwa mwaka amelipa gesi mara tatu, na bado ana gari linalovuja.

Kuna gharama nyingine iliyofichika. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi inapovuja, sehemu ya mafuta hutoka nayo. Anayejazwa gesi bila kuangaliwa mafuta siku moja atasikia kompresa ikilia kama inasaga mchanga. Ikifa, vipande vyake vya chuma hutawanyika kwenye mfumo wote, na bili ya siku hiyo huzidi kwa mbali ile ya kubadilisha oringi.

Hadi hapa gesi imekuwa ikipatikana kwa urahisi, ndiyo maana tabia hii imedumu. Kikomo cha Kigali kinaanza kubadili hesabu hiyo.

Je, gesi itaadimika?

Hakuna sababu ya kukimbilia kununua mitungi na kuificha uvunguni. Punguzo la kwanza, la asilimia 10, ni la mwaka 2029, na kikomo cha sasa kinaacha nafasi kiasi. Lakini magari, friji na viyoyozi vya nyumba vinaongezeka kila mwaka, na vyote vinachota kwenye kikomo kilekile. Kinachoongezeka kinapokutana na kisichoongezeka, bei husogea.

Ulaya ilitangulia, na ina la kutufundisha. Umoja wa Ulaya ulianza kubana gesi hizi mwaka 2015, ukakaza zaidi mwaka 2018. Bei zilipanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na magendo ya mitungi yakafuata. Punguzo la kwetu ni la taratibu zaidi, lakini kanuni ya soko ni ileile: bidhaa ikibanwa, walanguzi na wachakachuaji huamka.

Na gesi bandia haina mzaha. Mwaka 2011, makontena ya ubaridi yaliyokuwa yamefanyiwa matengenezo Vietnam yalilipuka na kuua watu. Uchunguzi ulielekeza kwenye gesi iliyouzwa kama R-134a huku ikiwa imechanganywa na kemikali nyingine, iitwayo R-40. Kemikali hiyo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kondensa na kompresa nyingi za magari zina aluminiamu.

Kwa hiyo rangi ya mtungi au stika nzuri havitoshi kuwa ushahidi. Nunua kwa muuzaji anayejulikana na anayetoa risiti, na uwe na shaka na mtungi wa bei ya ajabu. Makubaliano ya kimataifa yanazitaka nchi ziwe na mfumo wa vibali vya kuingiza gesi hizi, hivyo muuzaji halali hana sababu ya kuogopa kuulizwa mzigo wake umetoka wapi.

Unachoweza kufanya mwenyewe nyumbani

Si kila AC isiyopoza imepungukiwa gesi. Kabla ya kwenda gereji, yapo mambo unayoweza kuyaangalia mwenyewe uani, injini ikiwa imezimwa na imepoa, isipokuwa pale tunaposema vinginevyo.

Filta ya AC. Kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea vitu mbele ya abiria. Hufunguliwa kwa mkono au bisibisi. Ikiwa imejaa vumbi na majani, hewa haipiti vizuri hata kama ubaridi upo. Kwa barabara zetu za vumbi, iangalie mara kwa mara. Kung'uta kunasaidia kidogo; ikiwa nyeusi, badilisha.

Kondensa. Angalia mbele ya rejeta. Ikiwa imejaa wadudu, tope na mifuko ya plastiki, joto halitoki. Ioshe kwa maji ya bomba yenye presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa kwa karibu hukunja mapezi yake membamba.

Feni. Washa gari na AC, kisha angalia kwa mbali kama feni ya mbele inazunguka. Usipeleke mkono. Feni isipofanya kazi, AC hupoza gari likiwa mwendoni na kukataa kwenye foleni. Dalili hii mara nyingi hudhaniwa kuwa gesi imepungua.

Fyuzi na mkanda. Fyuzi iliyoungua au mkanda uliolegea huweza kusimamisha kompresa bila gesi kupungua hata gramu moja. Ukiwasha AC, kwenye magari mengi utasikia mlio mdogo wa klachi ya kompresa ikishika. Usiposikia chochote, anzia kwenye umeme.

Alama za mafuta. Pitisha macho kwenye maungio ya mipira na mabomba ya AC. Unyevu wa mafuta ulioshika vumbi ni alama kwamba hapo panavuja. Maji ya sabuni yaliyopakwa kwenye ungio yanaweza kutoa mapovu kama uvujaji ni mkubwa. Mdogo hautaonekana kwa njia hiyo.

Maji chini ya gari. Matone ya maji masafi baada ya kutumia AC ni kawaida, ni unyevu wa hewa ulioganda na kudondoka. Wasiwasi uwepo maji yakilowesha zulia la abiria. Hapo bomba la kutolea maji limeziba.

Iwashe AC walau dakika 10 kila wiki, hata msimu wa baridi. Wa Njombe, Mbeya au Lushoto asiyeihitaji kwa joto aikumbuke kwa sababu mbili. Mafuta huzunguka na kuzilainisha sili zisikauke. Pia AC hukausha hewa, hivyo huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele wakati wa mvua haraka kuliko kufuta kwa kitambaa.

Usichotakiwa kugusa

Kazi zote zinazohusu kufungua mfumo au kuongeza gesi mwachie mwenye vifaa na mafunzo. Sababu si kumtafutia fundi ulaji.

R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia mkononi hugandisha ngozi papo hapo, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini na kusukuma hewa ya kupumua. Fundi anayefanya kazi kwenye shimo au chumba kilichofungwa anaweza kuzirai. Glavu, miwani na mahali penye upepo ni sehemu ya kazi.

Makopo madogo yenye mpira wa kuunganishia huwavutia wengi wanaotaka kujijazia. Shida yake ni kwamba presha haikwambii gesi iliyomo ni kiasi gani. Fikiria mtungi wa gesi ya kupikia. Moto wake huwaka vizuri hadi karibu na mwisho, kwa hiyo nguvu ya moto haikwambii kimebaki kiasi gani. Unajua kwa kuupima kwenye mizani. AC ni vivyo hivyo. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Hata maneno mengine yakiwa ya Kijapani, herufi za R134a na namba za gramu husomeka. Gesi ikizidi, presha hupanda na kompresa huumia. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza.

Mfumo uliofunguliwa, au uliokaa bila gesi, lazima unyonywe hewa kwa pampu ya vakyumu kabla ya kujazwa. Hewa iliyobaki ndani hupandisha presha. Unyevu huganda kwenye tundu la valvu na kuziba, na ukichanganyika na gesi na mafuta kwa muda mrefu hutengeneza asidi inayokula vyuma.

Yapo pia makosa matatu yanayoweza kuua. La kwanza ni kujaza gesi ya kupikia badala ya gesi ya AC. Hupoza, ndiyo, lakini kifaa cha ubaridi kiko ndani ya dashibodi. Kikivuja, gari hujaa gesi ya kuwaka mbele ya magoti ya abiria. La pili ni kujaribu mfumo kwa oksijeni iliyoazimwa kwa mchomeleaji wa jirani. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Kinachotumika ni naitrojeni, pamoja na kifaa cha kudhibiti presha. La tatu ni kugusa kompresa ya gari la haiburidi kama ya gari la kawaida. Nyingi huendeshwa kwa umeme wa zaidi ya volti 200, na nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Mafuta yake pia ni tofauti. Yakiwekwa ya aina nyingine huweza kupitisha umeme.

Gesi mpya iko njiani

Tangu mwaka 2017, magari mapya yanayouzwa Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi kutumia R-134a. Mengi yanatumia R-1234yf, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni ndogo mno. Watengenezaji wa Japani nao wamekuwa wakihamia huko. Kwa kuwa magari mengi yanayoingia bandari ya Dar es Salaam ni yaliyotumika, gesi hiyo hutufikia kwa kuchelewa, lakini itafika.

Ina bei kubwa kuliko R-134a, inaweza kushika moto kwa kiwango kidogo, na viunganishi vyake ni tofauti ili zisichanganywe. Kishawishi kitakuwa kutengeneza kiunganishi cha kienyeji na kujaza ile ya zamani. Gari litapoza kwa muda, lakini mtungi wowote au mashine itakayofyonza mchanganyiko huo itachafuka, na fundi anayefuata hatajua anashika nini. Ndiyo maana kusoma stika chini ya boneti itakuwa hatua ya kwanza ya kazi yoyote.

Nini kifanyike?

Mzigo wa mabadiliko haya usiachwe uangukie gereji bubu peke yake. Fundi wa chini ya mwembe hawezi kununua mashine ya kuvuta gesi kwa faida ya kujaza magari mawili kwa siku. Lakini mafundi kumi wa mtaa mmoja wanaweza kuimiliki pamoja, wakatozana kidogo kwa kila gari. Mikopo ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, inalenga vikundi vya namna hiyo. Kwa kikundi cha vijana mafundi, mashine hiyo ni mradi kama bodaboda au mashine ya kusaga. Gesi inayovutwa na kusafishwa haihitaji kununuliwa upya, na kadiri bei inavyopanda ndivyo mashine inavyojilipa haraka.

Kuhusu ujuzi, VETA ina mafunzo ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi mtaani bila kukaa darasani. Chuo chake cha Chang'ombe kiko Temeke, si mbali na gereji tunazozizungumzia. Kijana aliyejifunza kwa kuangalia mkono wa fundi mkuu anaweza kupimwa na kupata cheti. Cheti hicho kinaweza kuwa na thamani zaidi siku gesi itakapouzwa kwa masharti.

Serikali nayo ina kazi bandarini na mipakani. Kikomo kinachosimamiwa kwa karatasi tu kitawaumiza waagizaji waaminifu na kuwanufaisha wa magendo.

Na mteja ana nguvu kuliko anavyodhani. Soko limemzoesha fundi kujaza kwa sababu wateja wanalipia kujaza. Ukienda gereji, iwe Tegeta au Makambako, muulize fundi maswali haya matano kabla hajafungua boneti:

1. Gesi imevujia wapi, na utanionyesha?
2. Ukifungua mfumo, gesi iliyobaki utaiweka wapi?
3. Una pampu ya vakyumu, na utaiacha inyonye kwa muda gani? Nusu saa ni kiwango cha chini cha kuaminika.
4. Utapima gesi kwa mizani kulingana na stika ya gari?
5. Mafuta ya kompresa utaongeza kiasi gani, ya aina gani?

Fundi anayejua kazi atayajibu bila kukasirika, na pengine atafurahi kupata mteja anayeelewa kwa nini kazi yake inachukua nusu siku. Anayesema "wewe niachie tu, itapoza" anaweza kuwa anasema kweli. Itapoza, hadi kaskazi ijayo.